Nimeshika vitabu vya fedha za wafadhili miaka tisa. Hili la "nani aliwalipa" naomba tulizungumze vizuri

#1 MhasibuWaKisauni

Asalaam aleikum wakuu, na kwa wengine habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, unahusu madai kwamba vijana walioandamana Kenya mwaka 2024 walilipwa. Nimeubeba kifuani muda mrefu na leo nautua.

Nianze na tarehe, maana watu wamezisahau. Juni 25, 2024 Bunge la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kwa kura 195 dhidi ya 106, na vijana wakaingia bungeni. Usiku ule Rais Ruto akazungumzia uhaini, akasema maandamano yametekwa na watu hatari. Kesho yake, Juni 26, akasema amewasikiliza Wakenya na hatatia saini. Kisha Julai 15, akiwa Keringet huko Nakuru, akaitaja Ford Foundation, taasisi tajiri ya ufadhili ya Marekani, kwa jina kwamba ndiyo inayofadhili vurugu. Siku tatu baadaye Katibu wa Mambo ya Nje, Korir Sing'Oei, akamwandikia Darren Walker, aliyekuwa rais wa taasisi hiyo, barua iliyotaja mashirika 16 na dola milioni 5.78 zilizotolewa tangu Aprili 2023. Taasisi ikajibu kwamba haikufadhili maandamano hayo.

Zihesabuni siku hizo. Juni 26 waandamanaji walikuwa wananchi waliosikilizwa. Siku kumi na tisa baadaye wakawa watu waliolipwa. Mimi nataka mtu anieleze, katika siku hizo kumi na tisa ni risiti gani iliyopatikana.

Sasa yangu. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Kijana huyo alikamatwa mjini Mombasa wiki ile ya Juni, amesimama kando ya duka lililofungwa, mkononi ana bendera na chupa ya maji. Wakamchukua simu. Ndani ya simu mna kundi la WhatsApp la watu karibu mia nne, na katika kundi hilo mtu mmoja, ambaye mwanangu hajawahi kumwona kwa macho, alikuwa ameandika maneno ya kuchoma. Basi yale maneno yakawa ya wote mia nne. Akaulizwa nani anawalipa. Akasema hakuna. Akaulizwa mamako anafanya kazi gani, akataja kazi ya dada, na kwa unyofu wake akaongeza kwamba mama mdogo ni mhasibu wa shirika linalopata fedha za nje. Hapo wakawa wameridhika. Mnyororo umekamilika: mfadhili, shirika, mama mdogo, kijana, moto.

Yeye aliachiliwa siku ya tatu bila shtaka. Mimi nilipofika kazini niliitwa ofisini nikaambiwa nichukue likizo mpaka mambo yapoe. Hayakupoa. Sikurudi. Shirika silitaji, waliokuwemo wengine ni watu wazuri waliokuwa na hofu kama yangu.

Ndiyo maana naandika. Maana kama kuna mtu anajua fedha hizi zinavyotembea, ni aliyekuwa anazitembeza.

Mfadhili hamimini fedha kwenye mfuko. Andiko la mradi kwetu liliwahi kuchukua miezi minane tangu rasimu ya kwanza hadi fedha kuingia benki. Mswada wa Fedha ulifika bungeni Mei, mwezi wa sita mwanzoni watu wakaanza kuusoma TikTok, na Juni 18 wakawa barabarani. Mwenye kujua kazi hii ataona lile pengo. Fedha zikishaingia, kila shilingi ina kifungu chake. Nauli ya mshiriki wa semina kutoka Likoni ilihitaji saini, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na jina lililo kwenye M-Pesa lazima lifanane na la kitambulisho. Mkaguzi wa hesabu aliwahi kunirudishia risiti ya Sh 1,200 ya chai na mahamri kwa sababu haikuwa ya ETR, ile mashine ya risiti za kodi. Mama aliyepika mahamri hayo hana mashine ya ETR, anapika barazani kwake. Nililipa mfukoni mwangu. Leo niambiwe kwa fedha hizo hizo watu waliletwa mjini kwa maelfu, katika kaunti zaidi ya thelathini, pasipo karatasi hata moja ya mahudhurio.

Lakini sitaki kuwadanganya upande wa pili. Fedha hizi zina madhara, na nimeyaona. Ila si yale mnayoambiwa.

Nilipoanza, vijana wa mtaa walikuwa wakikutana chini ya mwembe Jumapili baada ya mpira. Walikuwa wakali. Wakijua diwani amekula fedha za taa za barabarani wanakwenda kumgongea mlango. Tukaja sisi na mradi wa utawala bora. Mkutano ukahamia hoteli ya Nyali, ukumbi wa kiyoyozi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, nauli Sh 1,000. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuja mkutanoni bila kuuliza nauli. Baada ya miaka miwili wale wakali watatu walikuwa wameajiriwa kwa mkataba, wakiandika ripoti za robo mwaka. Mtaa ulitaka maji. Andiko lilisema ushiriki wa wananchi katika bajeti. Tukawafundisha bajeti, na maji hayakuja. Diwani yule alialikwa kufungua semina.

Huo ndio ushahidi wangu: fedha ya tajiri wa mbali, kwa niliyoyaona, haikuwasha moto wa mtu yeyote. Iliupooza. Na mwaka 2024 moto uliwaka pale ambapo sisi hatukuwepo kabisa. Asubuhi ya Juni 18 ofisini kwetu tulikuwa tunajaza fomu za kufunga nusu mwaka, tukaona habari kwenye simu kama mtu mwingine yeyote.

Nilichotoa mimi ni Sh 300, kwa M-Pesa, kwenye mchango wa majeruhi uliosimamiwa na Hanifa Adan, baada ya polisi kuwafyatulia waandamanaji risasi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilikuwa imehesabu waliokufa 39 kufikia Julai 1. Kama ni ufadhili, niandikieni huo.

#2 Subukia_1

Dada, pole kwa yaliyokupata wewe na kijana. Nimesoma yote, na sitakuvunjia heshima. Lakini wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mimi ni mtu wa Nakuru, sikuandamana na sijutii.

Hoja yangu ni hii. Hata kama mfadhili hakununua jiwe, alinunua lugha. Miaka mingi mashirika yamewafundisha vijana wetu namna ya kuzungumza kuhusu serikali, yamelipia utafiti, yamelipia wanahabari. Halafu siku ikifika mnasema imeota yenyewe. Shamba likilimwa na kutiwa mbolea, aliyelima hawezi kusema magugu hayamhusu. Na huyo anayelima hapigi kura hapa. Anakaa New York. Mimi nikimkosea mbunge wangu kuna uchaguzi. Tajiri yule akikosea namkamatia wapi?

Tena si jambo la jana. Tom Mboya alipopeleka wanafunzi Marekani, ndege ya kwanza mwaka 1959 ilibeba wanafunzi 81, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Tulipata wasomi, sikatai. Lakini kila mtu alijua Marekani haikufanya hivyo kwa kutupenda. Ilikuwa inashindana na Warusi. Mtegemea cha nduguye hufa masikini, na huyu hata nduguyo si.

#3 Mzee wa Gerezani

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Niko Dar es Salaam, mambo ya Kenya nayafuata kwa redio na humu.

Kijana wa Subukia umesema vizuri, ila umeanzia katikati. Ngoja nikuletee ya huku kwetu ya kabla ya Uhuru. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 7, 1954 mikono mitupu. John Rupia alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, ndiye aliyekuwa akiokoa chama kila kinapokwama, na akawa makamu wa rais wa chama. Dossa Aziz alitoa gari lake Mwalimu Nyerere akalitumia kuzungukia. Mwalimu alipokwenda Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York mwezi Machi 1955, nauli ilichangwa. Wenye nacho walitoa nyingi, wauza samaki na mama lishe wakatoa senti. Akarudi, Misheni iliyomwajiri Pugu ikamtaka achague kazi au siasa, akaacha ualimu.

Sasa Gavana Twining alisemaje? Kwamba hawa ni wachache wenye tamaa wanaochochewa, mwananchi wa kawaida ameridhika. Serikali ya kikoloni ikaanzisha na kukibeba chama chake, UTP (United Tanganyika Party), dhidi ya TANU. Kwa hiyo matajiri walikuwepo pande zote mbili. Hakuna aliyeuliza UTP nani anailipa.

Mwaka 1958 Mwalimu akashtakiwa kwa makala aliyoandika katika gazeti la chama juu ya mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni. Akatiwa hatiani, faini Sh 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wakili aliyekuja kumtetea ni D. N. Pritt wa London. Huyo huyo ndiye aliyemtetea Kenyatta katika kesi ya Mau Mau kule Kapenguria, Kenya. Sasa Kapenguria, jamani, tazameni nani alikuwa na nani. Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa wakili Moshi. Davies kutoka Nigeria. Chaman Lall, aliyetumwa na Nehru kutoka India. Serikali ikasema huo ni mkono wa wakomunisti. Na wale sita, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko, walifungwa miaka saba kwa kazi ngumu mnamo Aprili 1953 kwa msingi kwamba chama chao cha siasa, KAU, na Mau Mau ni kitu kimoja na wao walikuwa juu ya KAU. Oneko na Ngei na wenzao wote wakawekwa kwenye chungu kimoja.

Halafu nani alilipwa? Rawson Macharia, shahidi mkuu wa upande wa serikali, aliapa mwaka 1958 kwamba alidanganya kwa kuahidiwa masomo Uingereza. Wakamfunga kwa kiapo hicho cha pili. Hakimu Thacker naye, historia zilizoandikwa baadaye zinasema alipewa pauni 20,000. Fedha ilikuwepo Kapenguria. Ilikuwa imekaa upande ambao hakuna aliyekuwa akiukagua.

#4 MhasibuWaKisauni

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la UTP sikuwa nalijua, nimelisoma mara mbili.

Ndugu Subukia, hoja yako ya shamba nimeipokea na nitakujibu kwa heshima ile ile. Ni kweli tulifundisha lugha. Nimekuwepo. Neno "uwajibikaji" sisi tumelisema mpaka likachakaa. Lakini kijana wa Kayole aliyetafsiri Mswada kwa Kiluo, Kikamba au Sheng' akaweka TikTok hakufundishwa na sisi. Semina zetu zilikuwa za Kiingereza na vitabu vyake viko stoo mpaka leo. Kilichomfundisha ni mkate kutajiwa asilimia 16, gari la baba yake anayeendesha teksi kutajiwa asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka. Serikali ilitaka kukusanya bilioni 346 zaidi. Hata mbunge aliyeupigia kura Mswada alijua uzito wake. Ndiyo maana la mkate waliliondoa Juni 18, siku ile ile watu walipotoka.

Na kuhusu New York, naomba tuwe wakweli wote wawili. Kenya ilikuwa chini ya mpango wa IMF tangu Aprili 2021, na kodi zile zilifungamana na masharti ya mpango huo. IMF wanakaa Washington, nao hawapigi kura Subukia wala Kisauni. Ikiwa kosa ni mtu wa mbali kutia mkono katika bajeti yetu, tuanzie na aliyetia mkono ndani ya Mswada wenyewe.

#5 KibarazaChaSheria

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa ufupi ninavyoweza.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 36 inampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake, na ya 37 haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Ukiunganisha ibara hizo mbili unapata swali gumu: mmoja akirusha jiwe, haki ya wengine inakwenda wapi?

Kesi nzuri zaidi ninayoijua juu ya swali hili haikutoka kwetu. Mwaka 1966 watu weusi wa Port Gibson, Mississippi, walisusia maduka ya wazungu wakidai haki zao. Wapo waliotisha wenzao, wapo waliovunja vioo. Wenye maduka wakaishtaki NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, ambacho makao yake yalikuwa New York, pamoja na watu zaidi ya mia moja. Mahakama ya jimbo ikaamuru walipe dola 1,250,699 kwa pamoja. Mhudhuria kikao kanisani akawa sawa na mvunja kioo. Ilichukua miaka kumi na sita tangu susio lile mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotengua, Julai 2, 1982. Ilisema hivi kwa maneno yangu: aliyefanya ghasia alipe hasara ya ghasia yake, lakini kuwa ndani ya kundi lenye wakosaji hakumfanyi mtu kuwa mkosaji, mpaka ithibitishwe kwamba kundi lenyewe lilikuwa na nia haramu na yeye binafsi aliikusudia nia hiyo.

Pimeni yaliyotokea kwetu kwa kipimo hicho. Juni 25, 2025 watu walitoka kukumbuka waliouawa mwaka uliotangulia. Waziri wa Mambo ya Ndani, Murkomen, akaliita jambo lile jaribio la mapinduzi. Waliokamatwa, baadhi wakapelekwa mahakama ya Kahawa na kushtakiwa kwa ugaidi. Ugaidi, wakuu. Hapo ndipo swali la fedha linapofanya kazi yake kisheria, maana ukishasema kuna mfadhili, umati haubaki umati tena, unageuka mtandao. Na katika mtandao hakuna mpita njia.

#6 Nyamakima254

Mimi nilikuwa mjini Juni 17, 2025. Nauza vifuniko vya simu. Wale waliokuja na pikipiki na mijeledi kuwapiga waandamanaji, nani aliwalipa? Walipita mbele ya polisi tukiwaona. Siku hiyo mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi kichwani kwa karibu, anauza barakoa tu, akafariki mwisho wa mwezi. Hakuna barua iliyoandikwa kwenda New York kwa ajili ya wale wa mijeledi.

#7 Subukia_1

Nyamakima, hilo sina jibu lake, na Mungu amrehemu yule kijana. Video niliiona, sikulala.

Dada Mhasibu, la IMF umenikamata. Nakubali. Lakini bado nasimama hapa: kama mashirika hayana cha kuficha, basi yaweke wazi. Kila anayetoa na kila anayepokea, orodha ibandikwe ukutani. Nikijua fedha imetoka wapi nitaacha kuuliza.

#8 KibarazaChaSheria

Ndugu Subukia, jina la taasisi kubwa kubandikwa ukutani ni sawa kabisa, na kwa kweli ile ruzuku ya Ford ilikuwa tayari hadharani kwenye tovuti yao. Lakini jina la aliyetoa Sh 300? Mwaka 1956 Alabama waliitaka NAACP ikabidhi majina ya wanachama wake wote. Kila mtu alijua majina yale yakishatoka watu watafukuzwa kazi, au nyumba zichomwe. Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 1958. Kwetu, KNCHR ilisema mwishoni mwa 2024 kwamba matukio ya utekaji tangu Juni yalikuwa yamefika 82. Katika hali hiyo, orodha ya wachangaji wadogo ingetumiwa na nani?

#9 MhasibuWaKisauni

Nakubaliana na Kibaraza, na nakubaliana na Subukia kwa ile nusu ya kwanza. Vitabu vya shirika viwe wazi. Mimi nilivishika na sikuwahi kuogopa kuvifungua. Tena Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, inayosimamia mashirika kama letu, ilipitishwa mwaka 2013 ikakaa bila kuanza kutumika hadi Mei 14, 2024, na wakati huo wote serikali mbili zilikuwa na uwezo wa kuiwasha. Mwaka ule ule wa 2013 zikaletwa bungeni marekebisho ya kuzuia fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika. Yakaanguka. Laiti yangepita, zahanati ngapi za UKIMWI zingefungwa? Aliyeyaleta hakuwa akifikiria zahanati.

Ila vikifunguliwa vya shirika, vifunguliwe na vya harambee. Mbunge anayekuja kanisani na mfuko wa noti Jumapili, ambaye mshahara wake wote tunaujua, hakuna mkaguzi aliyemuuliza risiti ya ETR. Na wale wa pikipiki alioona kaka wa Nyamakima walitiwa mafuta na mtu.

Mmeniuliza faraghani juu ya kijana. Simu yake hawakuirudisha. Alinunua nyingine ya mtumba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutoka katika makundi yote, hata la familia. Nikitaka kumwambia jambo inabidi nipande matatu mpaka kwao. Jumamosi iliyopita nilikwenda, nikamkuta anamfundisha mtoto wa jirani hesabu za mgawanyo, tukanywa chai, hatukuzungumza siasa. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama nimeshapata kazi.

Bado sijapata. Mwenye kujua duka au sacco inayotaka mhasibu, Mombasa au Kilifi, aniandikie.